Jina Moja, Mahali Pamoja, Namba Moja

Simu ya hoteli ilikuwa ya vibonye, ya kijivu, imefungwa kwa mpira kwa sababu kifuniko cha betri kilipotea zamani. Gérant aliibeba kwenye mfuko wa shati. Ikilia hakuikimbilia. Alikohoa kwanza, akanyoosha kola kana kwamba anayepiga anamwona, kisha akasema: "Hoteli, bonjour. Sema."

Tulimwita Gérant tu, kama wanavyoitwa wasimamizi wa hoteli hapa Goma, na jina lake la kwao sikuwahi kulitumia. Hoteli yenyewe ilikuwa mtaa wa Himbi, karibu na ziwa. Haikuwa katika zile kubwa zenye kuta ndefu na walinzi wa sare. Yetu ilikuwa nyumba ya ghorofa moja iliyoongezwa vyumba nyuma, na jenereta iliyokohoa kuliko yeye.

Nilifika pale baada ya kuacha shule mwaka wa pili wa sekondari. Baba alikuwa amefia kwenye barabara ya Rutshuru wakati wa uasi mmoja, mama akamfuata kwa ugonjwa, na matanga yalipokwisha, wajomba na mashangazi walikaa sebuleni kwetu wakaanza kutugawa. Mdogo wangu wa kike aende Butembo. Wa kiume aende Masisi kuchunga ng'ombe wa mjomba. Mimi nitafutiwe mume. Nikasema hatugawanywi, tutabaki pamoja. Shangazi mmoja akacheka kwa uchungu. "Utabalisha nini, wewe mutoto?" Asubuhi yake nilianza kubisha milango ya Himbi nikiomba kazi, na mlango uliofunguka ulikuwa wa Gérant.

Hakuniomba diploma. Aliniuliza kama najua kuandika kwenye kompyuta. Nikasema sijui, lakini nitajua.

"Njo vizuri," alisema. "Mimi sijui na sitajua. Keti."

Ndipo nikaukuta ugonjwa wake. Gérant hakuwa na simu ya kisasa, na kompyuta aliitazama kama mgeni anayelala bila kulipa. Lakini alikuwa na hamu moja iliyomnyima raha: mtu yeyote, popote duniani, akiandika kwamba anatafuta hoteli Goma, yetu itokee kwenye ukurasa wa kwanza wa majibu. Si wa pili. "Kuwa ukurasa wa pili ni kama kufungua duka nyuma ya soko ya Birere," alisema. "Una bitu bizuri, lakini nani atakuona? Kuku tu."

Mambo haya aliyapata kwa kijana mmoja aliyetutengenezea tovuti, ambaye tulimwita Fundi. Kila mwaka Fundi alikuja na mtindo mpya, mkoba wa kompyuta begani, na kila mwaka Gérant alimsikiliza kama mgonjwa anayesomewa majibu ya maabara. Mwaka mmoja Fundi alisema watu sasa wanatafuta kwa simu, mtandao wenyewe ni dhaifu, ukurasa ukiwa mzito hawangoji. Gérant akaagiza picha zote zitolewe, vitanda, maua, sahani za samaki, akabakiza moja tu ya ziwa. Mwaka mwingine Fundi alisema watu hawaandiki tena neno moja moja, wanauliza swali zima. Hilo lilimfurahisha. "Mwisho batu bamerudia kuuliza kama batu."

Lakini lililomkaa kichwani ni la kwanza kabisa. Fundi alimwambia kwamba mtambo wa kutafutia hauiamini hoteli yenye majina mawili, au inayoandikwa hapa iko Himbi na pale iko mjini, au inayobadilisha simu kila msimu. Ukiona mambo hayalingani, unaisukuma chini. Basi Gérant akapata dini yake: jina moja, mahali pamoja, namba moja. Kampuni ya simu ilipotusumbua, sote tulimsihi abadilishe laini. Alikataa. Mtandao ukipotea alipanda juu ya tangi la maji na kusimama pale, simu juu, shati likipepea, mpaka urudi.

Aliwapima watu kwa kipimo hicho hicho. Mlinzi aliyehama nyumba mara kwa mara alimwita "ukurasa wa pili". Nilipomweleza habari za wajomba zangu na ule mgawo wa sebuleni, hakusema pole. Alisema, "Unaona? Familia ni ile ile. Jina moja, mahali pamoja, namba moja. Mukitawanyika, nani atabaona?"

Wadogo zangu, ambao niliwabakiza kwangu kwa mshahara wa hoteli, walikuwa wakipita hapo baada ya shule, na mpishi aliwawekea mabaki ya asubuhi. Gérant alisimama kwenye mlango wa jikoni kama mtu wa forodha.

"Namba."

Walimtajia namba ya hoteli, tarakimu zote, bila kukwama. Aliyekwama alianza upya.

"Papa, chapati inapoa!" mdogo wangu wa kiume alilia siku moja.

"Ipoe. Namba kwanza, chapati nyuma."

Niliona ni ukali wa mzee asiye na watoto wadogo karibu. Sikumkataza, kwa kuwa chapati zilikuwa za kweli.

Kazi yangu kubwa ilikuwa ya asubuhi. Fundi alikuwa amesema ukurasa usioguswa unalala, na ukilala unashuka. Kila siku uwe na jambo jipya. Sasa hotelini kwetu kulikuwa na jipya gani? Gérant alifikiri juma zima, kisha akaja mapokezi na kikombe cha chai, akasimama nyuma ya kiti changu.

"Andika. Leo maji iko. Courant imekatika toka jana, tunatumia jenereta mpaka watu balale. Boti ya Bukavu imefika. Mulima uko na moshi mweupe, kidogo."

Nikaandika kwa vidole viwili, kwa Kiswahili halafu kwa Kifaransa changu cha kuokoteza. Kuanzia siku hiyo kila asubuhi alitoka nje, akautazama mlima wetu wa moto, Nyiragongo, akiwa amekunja uso, akafungua bomba, akaniletea habari.

Mwenye hoteli, Patron, alikuwa mfanyabiashara wa Butembo aliyekuja Goma kwa nadra. Aliposoma ukurasa wake aliwaka moto kwenye simu, hata mimi nilisikia kutoka mezani. "Unaandika maji hakuna? Kwa hoteli? Muteja atanawa na nini, na mate?"

"Patron, akijua atakuja na bidon yake. Asipojua atakuja na matusi."

Na wateja walikuja. Wachuuzi waliotoka Bunagana kuelekea Bukavu, madereva, watu wa mashirika. Wengine walikuja na bidon za maji kweli. Kumbe walikuwapo pia wasomaji wasiosafiri, watu wa Goma walioko mbali, waliofungua ukurasa wa hoteli ambayo hawatalala kamwe, wapate tu kujua mlima wa nyumbani umeamkaje. Tulipanda. Kulikuwa na wiki nzima tukiwa juu kabisa, na Gérant alitembea uani mikono nyuma kama chifu.

Mtu huyo aliyeuambia ulimwengu kila asubuhi kwamba bomba ni kavu alikuwa mwongo mkubwa kwa mdomo. Patron akimpigia, hoteli ilikuwa imejaa siku zote. "Imejaa, Patron, ata kiti hakuna," alisema, huku ukumbi mzima ukiwa na mgeni mmoja anayechokonoa meno. Nilimuuliza kwa nini anamdanganya Patron na ukurasa anauambia ukweli.

"Patron hana pa kukimbilia," alinijibu. "Muteja anapo."

Mara moja tu aliudanganya ukurasa. Fundi wetu alikuwa safarini, akaja mwingine, mwenye manukato na viatu vyenye ncha, akamwambia hoteli kubwa zote zinaandika maneno yao mara nyingi yasionekane: herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Mtambo unayaona, mtu hayaoni. Gérant akaingia mzima mzima. Niliandika hoteli Goma, hoteli nzuri Goma, hoteli ziwa Kivu, mpaka vidole vikafa ganzi. Tukapanda kidogo. Kisha tukapotea. Hatukushuka hata ukurasa wa pili. Hatukuwapo popote. Mtambo ulikuwa umetukamata.

Aliacha kunyoa ndevu. "Tunakula tu," alimwambia mpishi, "lakini tumekufa." Tulifuta neno moja moja, na kila asubuhi tukaendelea kuandika habari za maji na moshi ambazo hakuna aliyezisoma, miezi na miezi, mpaka tukarudi pole pole. Tangu hapo uongo wowote kwake ulikuwa "maneno meupe". Mdogo wangu akija na kisa cha kwa nini amefukuzwa darasani, Gérant alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Maneno meupe. Anza tena."

Ramani za kwenye simu nazo zilikuja na mateso yake, maana hoteli yetu iliwekwa ndani ya ziwa. Mgeni mmoja akapiga. "Papa, niko mbele ya maji. Simu inasema niendelee mbele."

"Usiendelee!" Gérant alikuwa tayari anavaa viatu. "Simama pale pale. Uko na shati ya rangi gani?" Akaenda kwa miguu akamleta, akiwa amembebea begi, akilaani ramani njia nzima. Wageni kadhaa aliwaokoa namna hiyo kabla Fundi hajatuhamishia nchi kavu.

Na kuna yule aliyeandika chini ya jina letu, dunia nzima isome, kwamba jogoo wa hoteli alimnyima usingizi. Gérant alinifanya nijibu siku hiyo hiyo: "Jogoo ameliwa. Karibu tena."

Nimechoka kusimulia habari za mlima, kila mtu wa hapa anayo yake. Nitasema tu kilichotupata. Ulipolipuka, moto ulisimama kabla ya kufika kwetu, lakini ardhi iliendelea kutikisika siku baada ya siku, nyufa zikapita katikati ya barabara, na siku moja alfajiri redio ikasema sehemu zetu zihame. Mji mzima ukamiminika. Sisi tulishika njia ya Sake, mimi na godoro kichwani, wadogo zangu wameshika kila mmoja ncha ya kitenge changu. Gari moja lilipiga honi nyuma, watu wakasukumana, na nilipogeuka ncha moja ilikuwa tupu. Mdogo wangu wa kike hakuwapo.

Niliita mpaka sauti ikakatika. Watu walipita tu, kila mmoja na wake wa kuita. Tulifika Sake bila yeye. Simu yangu ilikuwa imezimika. Nilikaa juu ya godoro kando ya barabara, nikawasikia wajomba wakisema ndani ya kichwa changu: tulikwambia. Mwanamume mmoja akaniazima simu yake, na namba pekee niliyoijua bila kufikiri ilikuwa ya hoteli. Nilipiga bila matumaini. Nani angekuwa hotelini siku kama ile?

Kikohozi. Kisha: "Hoteli, bonjour. Sema."

Nilishindwa kusema.

"Sema, betri inaisha."

"Gérant, ni mimi."

"Wewe! Uko wapi? Mutoto wako iko Minova, kwa kanisa, na mama mumoja muuza vitenge. Amekula. Aliniuliza kama chapati iko."

Msichana alikuwa amebebwa na umati akaipita Sake bila kujua. Yule mama alipomuuliza wewe ni wa nani, alimtajia namba, tarakimu zote, bila kukwama.

Gérant hakuwa ameondoka. Aliwafukuza mpishi na mlinzi, akabaki peke yake na jenereta, ardhi ikitikisika chini yake. Simu haikupumzika. Aliyekuwa mbali akitafuta habari za Goma alikutana na sisi kwenye ukurasa wa kwanza, na namba yetu ilikuwa karibu ya pekee iliyopokelewa. Watu walikuwa hawaulizi vyumba. Waliuliza mama yangu, mume wangu, mtoto wa kaka yangu. Tuliporudi nilikuta ubao wa chakula wa mapokezi umejaa maandishi yake ya chaki, chini ya samaki sambaza na wali: nani ameonekana wapi, amevaa nini.

Nilimuuliza kwa nini alibaki.

"Mafuta ya jenereta yangeibiwa."

Kilichomkasirisha ni kwamba ukurasa ulikuwa umelala siku zote zile bila kuguswa. "Keti," alisema, nami bado nina vumbi la njia miguuni. "Andika. Leo maji hakuna."

Baadaye ukaja uasi mwingine, na safari hii waasi wakauchukua mji wenyewe. Uwanja wa ndege ukafungwa, benki zikafungwa. Patron alikwama Butembo, ng'ambo ya mstari wa vita, akatuma neno hoteli ifungwe. Mdogo wangu wa kike alikuwa ameshaolewa huko huko Butembo, hakuweza kuja wala mimi kwenda. Wa kiume alikuwa Bunagana, akipakua mizigo ya forodha, na habari zake zilikuwa zimekatika tangu kabla ya mji kuchukuliwa. Mtu mwenye bunduki alinipokonya simu barabarani, na namba yangu ikaenda naye. Basi, tulikuwa tumegawanywa mwishowe, bila mjomba yeyote kukaa sebuleni.

Ukurasa nao ulikufa. Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka kwa kadi, na kadi bila benki ni plastiki. Fundi alikuwa amekimbilia Kampala. Jirani yangu mwenye simu ya kisasa aliuuliza mtambo habari za hoteli yetu. Siku hizi mtambo hauonyeshi kurasa kwanza, unajibu wenyewe, kwa sauti ya mtu aliyelala hapo jana. Ulisema hoteli iko wazi saa zote na ina bwawa la kuogelea. Hatukuwahi kuwa na bwawa. Maneno meupe, nilisema moyoni.

Nilijua jambo moja. Mdogo wangu wa kiume, kama yuko hai, kichwani mwake ana namba mbili tu. Yangu ilikuwa kwa mwizi. Ya pili ilikuwa ndani ya mfuko wa shati la mzee ambaye sikujua yuko wapi.

Nilimtafuta Himbi kwanza, sikumpata. Mlinzi wetu wa zamani akanielekeza Birere, kwa binti wa Gérant anayeuza viatu vya mitumba. Nilimkuta mzee kwenye kigoda kando ya rundo la viatu, amekonda, kola imemlegea shingoni. Mpira wa simu ulionekana mfukoni.

"Umechelewa," alisema. "Keti."

Nilikaa juu ya gunia. "Gérant, namba ingali ile?"

"Ungetaka iwe gani?" Alinitazama kwa macho yaliyochoka. "Mudogo wako alipiga."

Niliuliza lini. Alisugua paji la uso.

"Nikikwambia siku, nitakudanganya. Kichwa inachoka sasa. Nilimuambia bakia pale pale, usihamehame. Alisema iko muzima. Alisema muache kuuzisha machine ya mama."

Cherehani ya mama ilikuwa chini ya kitanda changu, na nilikuwa nimeshaanza kumtafutia mnunuzi. Gérant hakuijua cherehani hiyo. Hakuna wa nje aliyeijua.

Tuliipiga namba aliyotumia. Mwanamke aliipokea, akasema kijana aliazima simu tu akaenda zake, hamjui. Gérant akairudisha mfukoni.

"Atapiga tena."

"Na ukurasa umekufa, Gérant. Site haiko tena."

Alitazama wapita njia. "Sasa mbona batu banapiga?"

Namba ilikuwa imebaki kwa watu, kwenye ramani, kwenye kurasa za wengine, vichwani. Binti yake akaniambia wanapiga kila siku, na baba hakubali kuizima.

Tangu hapo naenda Birere kila asubuhi kabla ya kwenda kufulia watu nguo. Nakaa kwenye gunia, nangoja. Cherehani sijaiuza. Gérant siku hizi anasinzia ameketi, na akisinzia anaitoa simu mwenyewe na kuniwekea mapajani bila kusema.

Asubuhi moja ikalia. Haikuwa namba ya Bunagana, ilikuwa ya nje, ndefu. Nilikohoa kwanza. Sijui kwa nini.

"Hoteli, bonjour. Sema."

Sauti ya mama mmoja, mbali sana, ikauliza kama hoteli iko wazi.

"Hapana, mama. Imefungwa."

Hakukata. Nilisikia anapumua. Ule ukimya niliujua, niliwahi kuwa nao mimi mwenyewe, Sake, juu ya godoro. Gérant hakufumbua macho. Alinyoosha kola yake tu.

"Sema, mama," nilimwambia. "Unatafuta nani?"